Hamaundu na Ng'ombe wa Mara Nne

Jairos Hamaundu ni mtu wa ukoo wa Fisi, mimi ni wa ukoo wa Mbuzi. Kwa hiyo tangu nizaliwe nina ruhusa ya kumwita mwizi, mlafi na mla mizoga mbele ya mkewe, mbele ya mchungaji wake, hata mbele ya jeneza la baba yake. Hilo la jeneza nimelifanya. Mzee alipofariki nilisimama kando ya kaburi nikawaambia wachimbaji wachimbe zaidi, maana nawajua Fisi, jioni watarudi kumfukua wamle. Waombolezaji walicheka, Hamaundu akacheka na machozi yake yakimtoka, kisha akanipa kuku. Ndivyo ilivyo kwetu Siamaluba. Mtani hachukiwi. Asemalo huchekwa, hulipiwa kitu kidogo, halafu husahauliwa.

Simsimulii Hamaundu kwa kuwa ana makuu. Hana. Alifanya kazi ya reli miaka kumi na miwili, akikaza misumari ya mataruma kati ya stesheni za Choma na Pemba, akarudi nyumbani na koti moja, filimbi moja, na ugonjwa wa kutaka kila jambo lifanyike kwa saa. Ng'ombe thelathini wa baba yake walikuwa wameshakwisha kwa ugonjwa wa kupe, wakabaki maksai wanne wazee. Na kwetu mwanamume asiye na ng'ombe husikilizwa baada ya watoto. Alikuwa akizungumza mkutanoni, watu wanaanza kuulizana habari za mvua.

Ndipo chama cha wafugaji kilipompa Madamu. Alikuwa ng'ombe wa kisasa, mweusi kwa mweupe, mwenye mwendo wa mwanamke aliyeolewa mjini, na jina lilimkaa siku ile ile. Sharti la chama lilikuwa moja: ndama jike wa kwanza atakayezaliwa, akishaachishwa kunyonya, anapewa jirani anayefuata kwenye orodha. Jirani huyo ni mimi, Bina Cheelo, mama yake Cheelo, mjane, mwenye mbuzi saba na ulimi mmoja.

Wahenga walisema ng'ombe wa maskini hazai, akizaa huzaa dume. Madamu alizaa dume. Mwaka uliofuata akazaa dume tena. Nilikwenda kumtazama yule wa pili, nikamwinua mkia, nikamgeukia Hamaundu.

"Fisi, umefanya nini?"

"Mimi nimefanya nini? Si mimi niliyempanda."

"Umemwagiza azae madume ili usinipe changu. Nakujua. Hata wewe mama yako alizaa dume kwa makosa."

"Mbuzi, wewe ukipewa ng'ombe utamfanya nini? Utampandisha juu ya mwamba ale majani ya miiba?"

Edina, mkewe, alicheka mpaka akashika nguzo ya zizi. Nikapewa maziwa ya mgando ya kulia ugali, nikaenda zangu nikiwa na furaha yote ya mtu asiyepata kitu.

Sasa nikiri kosa langu mapema, maana nikiliacha mwisho mtadhani najisafisha. Mimi ndiye ninayepokea maziwa katika kituo chetu kilicho kando ya reli. Kila asubuhi watu wanapanga foleni na baiskeli zao, nami nafungua kila kopo, nanusa, napima, naandika. Maziwa ya Hamaundu yalikuwa machache siku zote. Lita tano, siku njema sita. Sikuwahi kuyapokea bila kusema neno.

"Andika tano, Bina Cheelo."

"Tano? Hii ni tano au umetema mate humo njiani?"

"Andika, mwanamke."

"Ng'ombe mkubwa kama nyumba, maziwa ya kutia chai ya mtu mmoja! Jamani, nina mbuzi nyumbani anaona haya kwa niaba ya huyu."

Foleni nzima iliangua kicheko. Wengine walikuwa wakifika mapema makusudi ili wasikie. Hamaundu naye alijibu, na alijibu vizuri, lakini niliona kitu kimoja ambacho sikukijali wakati ule. Alikuwa akiondoka anatazama kopo lake.

Halafu akasikia redio. Katika kipindi cha wakulima walisema kwamba kwenye mashamba makubwa ya huko Mazabuka wanakamua mara tatu kwa siku badala ya mbili, na maziwa yanaongezeka. Redio haikudanganya, ni kweli yanaongezeka. Shida ni kwamba Hamaundu alitoka mbio kuwaambia watu kabla kipindi hakijafika kwenye habari za chakula cha ng'ombe.

"Mzungu ana ng'ombe mia nne anakamua mara tatu," alitueleza pale kituoni, koti la reli likiwa mabegani ingawa jua lilikuwa kali. "Mimi nina mmoja. Kwa hesabu hiyo nina nafasi ya mara nne."

"Kwa hesabu hiyo nina nafasi ya kuolewa na chifu," nikamwambia.

"Kiwele ni kisima, Mbuzi. Ukichota sana, mkondo unafunguka. Na unafunguliwa siku ile ile ya kwanza anapozaa. Ukimzoesha kidogo, kidogo ndicho atakachokupa maisha yake yote. Safari hii utaandika kumi na mbili, na mkono utakutetemeka."

Madamu alizaa mara ya tatu mwezi wa kumi na moja, siku mbili baada ya mvua ya kwanza. Nilipomwinua ndama mkia nilipiga vigelegele, nikacheza kuzunguka zizi, miaka yangu hamsini na mitatu nikaisahau. Jike! Mweusi kidogo, mweupe zaidi, mwenye alama ya jani kwenye paji la uso. Nilimbusu puani. Hamaundu akasema nimpe nafasi ndama apumue, asije akadhani mama yake ni mimi.

Siku hiyo hiyo filimbi ya reli ikaanza kulia. Saa kumi na moja alfajiri, piii! Saa nne, piii! Saa nane, piii! Saa kumi na mbili jioni, piii! Kila ilipolia Hamaundu alikaa kwenye kigoda chake akamkamua Madamu mpaka chuchu zikalegea kama soksi. Ndama alinyonya kwanza, sikatai, nilisimamia mwenyewe. Lakini kilichobaki hakikubaki. Siku ya kwanza ndoo ilijaa dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ambayo kituo hakiyapokei, na Edina akayapika yakagandamana kama mayai, akaita majirani. Tulikula wote. Nililamba kidole.

"Mbona umenyamaza, Mbuzi?" Hamaundu akaniuliza. "Nilidhani unajua kutukana."

"Siwezi kutukana mdomo ukiwa umejaa."

Jioni ya siku ya pili nilipita kumwona ndama wangu, nikamwona Madamu. Alisimama miguu ya nyuma imepanuka, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu, kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Majani aliyoletewa hakuyagusa. Nilimshika masikio, yalikuwa ya baridi, na kulikuwa na joto la kutoa jasho. Nami nilikuwa nimekaa kwenye semina tatu za kituo, na katika mojawapo tulifundishwa ugonjwa huu, ingawa wengi walikuwa wanasubiri chakula cha mchana. Nikamfuata Hamaundu anakosuuza ndoo.

"Fisi, acha kumkausha huyo ng'ombe. Amezaa jana. Mwachie maziwa kwenye kiwele."

Akaweka ndoo chini taratibu, akafurahi kama aliyeletewa barua.

"Edina! Njoo umsikie Mbuzi! Ndama hajakauka kitovu, na huyu ameshaanza kumdai maziwa."

"Sidai. Nasema kweli."

"Mbuzi husema kweli? Tangu lini? Mwezi gani?"

"Masikio yake ni baridi, Jairos. Mshike uone."

"Ningekuwa nasikiliza maneno yako kutwa kama yeye, hata mimi masikio yangu yangekuwa baridi."

Nikacheka. Mungu anisamehe, lilikuwa jibu zuri. Nilijaribu tena, nikasema atalala na hataamka, nikasema damu yake inaishiwa na kile kinachokaza mifupa kwa sababu chote kinakwenda kwenye ndoo. Kila nilivyozidi kusema, Edina alizidi kucheka, na Hamaundu akawa ananionyesha kwa kidole kama mtu anayeonyesha kichekesho cha sikukuu. Maneno yale yale yangesemwa na mchungaji yangeandikwa. Kutoka kwangu yalikuwa utani, tena utani wa hali ya juu. Mwisho nikalipwa kama desturi ilivyo, bakuli la dang'a lililofunikwa kwa sahani. Nikalibeba nikaenda nalo nyumbani, na nikalila, kwa sababu hasira haizuii njaa.

Wahenga wanasema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Asubuhi ya siku ya tatu filimbi ililia saa mbili, wakati usio wake, na haikunyamaza.

Nilipofika Madamu alikuwa amelala. Shingo yake imepinda imerudi ubavuni, kama mtu anayejinusa kwapa, pua kavu, macho yako wazi lakini hayamtazami mtu. Wanaume sita walikuwa wameshafika na kila mmoja ana ugonjwa wake. Mmoja alisema nyoka. Mmoja alisema kuna jicho la mtu, akatazama pembeni ili asimtazame mtu. Mzee mmoja mwenye wake watatu na ng'ombe wawili alisema maziwa yamemrudia mwilini, yanapanda kichwani, dawa ni kumkamua yote yaishe, upesi.

Hamaundu aliposikia neno kukamua alipata nguvu. Ndilo jambo pekee alilojua kulifanya. Akaikimbilia ndoo.

Mimi nilikuwa nimeshampigia simu daktari wa mifugo, binti anayeitwa Lweendo, namba yake imebandikwa ukutani kituoni. Alikuwa njiani kutoka Batoka kwa pikipiki, na aliniambia maneno mawili tu ya maana. "Mlazeni kifua, asilale ubavu. Na mtu yeyote asimkamue, hata tone. Mkimkamua sasa, mama, mimi nakuja kuchukua ngozi."

"Jairos, weka ndoo chini," nikasema. "Daktari anakuja. Amesema asikamuliwe."

Hamaundu alinitazama, uso umejaa machozi, na akacheka. Sitakisahau kicheko kile. Kilikuwa cha mazoea, kilitoka chenyewe, kama mguu unavyoruka ukigongwa goti. Na wale wanaume wakacheka nyuma yake, wakashukuru hata, kwa sababu msiba ukitokea mtani ndiye anayetarajiwa kuja kuwachekesha wafiwa, na mimi nilikuwa nimefika.

"Mbuzi amewahi matanga," akasema mmoja. "Hata marehemu bado."

"Sifanyi utani!"

"Msikieni! Eti hafanyi utani!"

Nikamnyang'anya ndoo nikakimbia nayo nje ya zizi. Wakapiga makofi. Desturi inamruhusu mtani kuiba vyombo vya msibani mpaka akombolewe, na nilikuwa nimeifuata desturi barabara bila kutaka. Mtu akamletea Hamaundu ndoo nyingine. Akaketi kwenye kigoda. Nikaona mikono yake inaelekea kwenye chuchu, nikamwona na ndama wangu amefungwa kwenye nguzo analia, na nikatambua kwamba kati ya maneno yote niliyokuwa nayo, na nina mengi, hapakuwa na hata moja ambalo mtu huyu angeweza kulisikia.

Nikapiga magoti.

Nilipiga magoti kwenye matope na mavi ya ng'ombe mbele ya kigoda chake, nikakunja viganja, nikapiga makofi ya pole pole, pa, pa, pa, kama mwanamke wa kwetu anavyomsalimu baba mkwe wake. Nikainamisha kichwa.

"Baba," nikasema. "Baba yangu, nakuomba."

Yule mzee wa wake watatu alivua kofia bila kujua kwa nini. Mbuzi hampigii Fisi magoti. Haijawahi kuonekana, si kwa bibi zetu wala kwa bibi zao.

"Inuka, Bina Cheelo," Hamaundu akanong'ona.

"Siinuki, baba."

"Inuka. Unaniua."

"Usimkamue, baba. Nakuomba kwa heshima yako."

Ndoo ikamtoka mkononi ikabiringika mpaka ukutani. Alikuwa amekuwa wa rangi ya jivu. Alishuka kwenye kigoda akaketi chini kwenye matope karibu yangu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaniuliza swali akitaka jibu.

"Anakufa?"

"Bado. Njoo upande huu, tumsukume akae kifua. Leteni magunia!"

Wote walitii. Wanaume sita walikimbia kama waliopigiwa filimbi. Tulimkalisha kifua, tukamwegemeza kwa magunia ya makapi, Hamaundu amemshikilia kichwa akimwita kwa jina, mpaka tukasikia pikipiki.

Lweendo ni binti mdogo mwenye sauti ndogo. Alitoboa mshipa wa shingo, akainua chupa ya dawa, akaiacha iingie taratibu huku sikio lake liko kwenye moyo wa ng'ombe. Tulisubiri. Madamu akatetemeka ngozi yote. Akacheua hewa kwa kishindo. Akanya. Sijawahi kuona watu wazima wakishangilia mavi namna ile. Baada ya kama nusu saa alijikusanya, akainua matako, akasimama, akatutazama kama mama mwenye nyumba aliyekuta wageni chumbani kwake.

"Alikuwa anakamuliwa mara ngapi?" Lweendo akauliza.

Hamaundu akainua vidole vinne.

"Tangu lini?"

"Tangu azae."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Binti akakunja ule mpira wa chupa ya dawa. Hakumfokea, na nadhani angemfokea ingekuwa nafuu. "Baba, maziwa hayatoki hewani, yanatoka kwake. Akizaa tu, mwili unashtuka, haujajua kutoa kwa kasi hiyo. Ukimkausha, anatoa mpaka kile kinachofanya misuli yake ifanye kazi, halafu analala. Siku hizi nne tano mkamue asubuhi na jioni, kidogo, ya ndama tu, usimalize. Usiache kabisa, kiwele kitavimba kipate ugonjwa. Akianza kula vizuri, ongeza pole pole."

"Na mara tatu? Redio ilisema mara tatu."

Lweendo akatazama zizi, akatazama yale majani makavu. "Kwa chakula gani, baba?"

"Sikusikia mwisho wa kipindi," Hamaundu akasema.

Hapo mtu angesema hadithi imeisha, na imeisha vizuri. Madamu alipona. Hamaundu alikamua asubuhi na jioni, kidogo kidogo, na baada ya wiki tatu alikuwa analeta lita tisa, ambazo hakuzipata hata alipokuwa na ndoto ya kumi na mbili. Watu wakaja kumwuliza. Akisimama mkutanoni sasa anasikilizwa, habari za mvua zinangoja. Anawaeleza kwamba siku za mwanzo ng'ombe hakaushwi, na kila mara anamalizia kwa kusema, "Haya nilifundishwa na mama yetu, Bina Cheelo."

Mama yetu! Mara ya kwanza kuja kituoni baada ya mkasa ule nilikuwa nimemwandalia maneno tangu nyumbani.

"Fisi, leo umeleta maziwa au umeleta machozi yako? Nionje kwanza kama yana chumvi."

Foleni ikacheka, ikamgeukia yeye. Hamaundu akavua kofia.

"Kweli kabisa, mama," akasema. "Nililia sana."

Nilidhani ni kwa siku hiyo tu. Nikamtukana kesho yake, nikamtukana wiki nzima. Nikamtukana babu yake. Akaitikia yote kwa heshima, mikono mbele. Nikaenda kwa kaka yangu mkubwa kushitaki, akaniambia utani ni wa ukoo, haufi, Fisi wengine wapo. Wapo, na wananitukana, lakini wananitukana kwa wajibu, kama watu wanaolipa kodi.

Edina ndiye aliyenieleza. "Anasema mtu aliyepigiwa magoti na mtani wake ameonywa na kifo chenyewe. Na anasema ulimwokolea ng'ombe. Hawezi kumtukana mtu aliyemwokolea ng'ombe. Nimemwambia, Jairos, mtukane tu kidogo, anaumwa. Hataki."

"Mwambie nilifanya kwa ajili ya ndama wangu."

"Nilimwambia. Akasema hata kama."

Siku ya kukabidhiwa ndama kijiji kizima kilikuja, pamoja na watu wa chama. Walikuja kwa ajili yetu. Jambo kama hilo kati ya Fisi na Mbuzi ni sherehe, watu wanabeba viti. Tulikunywa chibwantu, togwa yetu ya mahindi, iliyokolea utamu, nikasimama, nikapanga sauti. Nilisema Fisi huyu amekaa na ndama wangu miezi sita, na ninaomba ndama ahesabiwe miguu kabla sijampokea. Nilisema ikaguliwe na alama ya jani kwenye paji la uso, kama haijalambwa. Watu walikuwa wanafuta machozi kwa kicheko. Wakamgeukia Hamaundu, wakangoja.

Hamaundu akaja na kamba mkononi. Akachuchumaa, mwanamume mzima, akakunja viganja, akapiga makofi matatu ya pole pole.

"Mama," akasema, "huyu ni wako. Mtunze."

Watu wakasema amina, maana hawakujua waseme nini. Nilipokea kamba. Njia nzima ndama alikuja bila kuvutwa, mzuri, mnene, na mimi nililia mpaka nyumbani, na walioniona walisema ni furaha.

Sasa ana mimba ya kwanza. Nitamkamua asubuhi na jioni, wala sitamkausha, sihitaji semina ya nne. Hamaundu bado anakuja kituoni kila siku, saa moja kamili kwa saa yake ya reli. Anashusha kopo kwenye baiskeli, anavua kofia. Watu waliopanga foleni nyuma yake wanatazama reli.

"Umeamkaje, mama?"

Nafungua kopo, nanusa, napima, naandika tisa.

"Nimeamka salama, baba," namjibu.